Goti Langu na Kikohozi cha Baba Mkwe

Kama umeambiwa utawekewa kiunzi kwenye goti, na unaishi kwa wakwe, soma hapa kwanza kabla hujapanda basi la kurudi nyumbani. Mimi hakuna aliyeniambia. Simlaumu mtu, kwa sababu hata mimi sikujua kwamba ni jambo la kuulizia.

Nimesoma mpaka darasa la saba, kule Endagikot nilikozaliwa. Tangu nilazwe nimekuwa nikiandika kidogo kidogo, na mara nyingi nikisoma cha jana naona sivyo kilivyokuwa. Kwa hiyo ukikuta mahali nimekosea, si kwa kusudi. Mama Fausta wa Dongobesh, niliyekutana naye kwenye benchi la hospitali, ndiye aliyenisukuma. Alisema, "Wewe andika tu. Mtu aliyelala mguu umenyooka hana wa kumuuliza."

Mambo yalianza na ng'ombe. Nimeolewa Gehandu, upande wa Hanang, kwa Wabarbaig wafugaji, mimi mtoto wa Wairaqw wakulima. Kukamua najua, lakini yule ng'ombe alikuwa amezaa mara ya kwanza na chuchu zilikuwa na vidonda. Alinipiga teke pembeni ya goti la kulia. Ng'ombe hana kosa, hata mimi ningepiga. Goti likavimba, likapungua, likavimba tena. Tulipomaliza kuvuna mahindi likaanza kukwama. Nikiwa nimechuchumaa jikoni, nikitaka kuinuka linagoma, kama mlango uliolowa mvua. Namwita binti yangu Agnes anishike mkono, anacheka, nami nacheka. Baadaye tukaacha kucheka.

Hospitali iliyonipokea ni kubwa na iko mbali, nje ya Manyara. Pale nilijua benchi. Unafika alfajiri, unakaa, jina lako haliitwi, unaogopa kwenda chooni lisije likaitwa ukiwa chooni. Mama Fausta alikaa pembeni yangu na mfuko wa vitunguu saumu mapajani, biashara yake, ukumbi mzima ukanuka. Naye ni goti. Alianguka kwenye mteremko amebeba gunia.

"Wewe wa kwako nani alikuvunja?" aliniuliza.

"Ng'ombe."

"Afadhali. Mimi ni vitunguu vyangu mwenyewe, sina hata wa kumchukia."

Daktari alikuwa dada mdogo kwangu kwa umri. Alisema kwamba mwishoni mwa mfupa kuna gegedu, ile nyeupe ngumu inayong'aa unayoiona kwenye goti la mbuzi, na langu limebanduka kipande. Walikuwepo madaktari wageni waliokuja na kitu cheupe cha kutengenezwa, wanakiita kiunzi, kina matundu matundu kama sponji. Kinawekwa pale palipobanduka, mwili wenyewe unaota ndani yake.

Nilimwambia sijaelewa. Hakuchoka. Akauliza, "Mama, umeshaona nyumba ya fito na udongo?"

"Nimeikandika kwa mikono hii."

"Basi hizi ni fito. Udongo ni wa kwako, utatoka mwilini mwako polepole. Ukishakauka, fito zenyewe zinayeyuka, ukuta unabaki. Sasa niambie, ukuta mbichi ukiuegemea?"

"Unaanguka."

"Umeshaelewa kuliko wanafunzi wangu."

Sijui kama alisema kweli au alinipa moyo. Zaidi ya hapo ya ndani siyajui, na sitajifanya nayajua.

Siku ya kulazwa nesi aliuliza jina la mume. Nikasema Samweli. Samweli nani? Nikanyamaza. Kwa mume wangu mke halitaji jina la baba mkwe, hata likiwa ni jina la mtu mwingine kabisa. Wenyeji wamezaliwa na desturi hiyo. Mimi niliyekuja kutoka nje naishika kwa nguvu zaidi yao, nisije nikaambiwa sikufundishwa kwetu.

"Mama, mume wako hana baba?" nesi akauliza.

"Anaye."

"Anaitwaje?"

"Siwezi kulisema."

Mama Fausta akaingilia kutoka kitanda cha pili. "Sista, huyo ameolewa kwa Wabarbaig. Mpigie mume wake umuulize, hapo utakaa mpaka jioni."

Nesi akacheka, akapiga simu. Akaniambia, "Ukipotea tutakutangazaje?"

Na mimi nilicheka. Sikuona kwamba pale ndipo palipokuwa na hatari yangu.

Mguu walinirudishia umefungwa kwenye kifaa chenye vyuma pembeni na mikanda, kutoka paja hadi karibu na kifundo. Maumivu ya siku za kwanza sitayaelezea sana, yanapita na dawa zipo. Ambacho hakuna aliyenitayarishia ni paja. Paja langu lililopanda miteremko ya Mbulu tangu utotoni liliyeyuka mbele ya macho yangu. Ngozi ikalegea kama soksi. Nilikuwa nalifunika na khanga hata nikiwa peke yangu.

Wakati wa kuruhusiwa waliniambia makatazo wazi kabisa, nami niliyashika. Usikanyage na mguu huo mpaka tukuambie. Usibebe maji, usilime, usichuchumae, usikamue. Daktari alimwambia Samweli maneno hayo hayo. Hakuna aliyesema usimpishe mkwe. Angejuaje? Yeye si wa huku.

Nyumbani walinitandikia sebuleni, maana mlango wa chumbani ni mwembamba na kitanda cha mle kimebanwa na ukuta, mguu ulionyooka haupiti vizuri. Masika ilikuwa imeshika. Mvua ikipiga bati siku nzima huwezi kuongea, unamwangalia mtu mdomo. Ulimwengu wangu ulikuwa mlango ulio wazi, kipande cha zizi, na mlima Hanang siku ambazo ukungu umeuachia. Nzi walinijua. Haja nilikuwa natolea kwenye beseni, na wifi yangu Paulina ndiye aliyelitoa nje. Yeye ndiye aliyekamua, aliyepika, aliyeniogesha. Siku nyingine alikuwa ananisugua mgongo kwa hasira mpaka nasikia.

"Wifi, unanichuna," nikamwambia.

"Nimechoka, wifi. Sijakuchukia. Nimechoka tu."

Nikamwambia asugue anavyoweza. Ilikuwa haki yake.

Majirani walikuja kunitazama. Habari zilikuwa zimeenea kwamba nimewekewa plastiki. Mzee mmoja akasogeza jiko la mkaa mbali na mimi, akasema, "Asije akayeyuka huyu, tukamkosa." Watu walicheka, hata Samweli alicheka. Mimi nililala macho kwenye bati, nikihesabu misumari, nikajiona kama ndama aliyefungwa mguu mmoja.

Baba mkwe hakuwepo siku zile. Alikuwa tambarare kwa ndugu zake, kwenye malisho, na huko aliambiwa tu kwamba mke wa Samweli amepasuliwa goti. Niwaeleze desturi yake ili msimwonee. Mzee huyu tangu niolewe hajawahi kuingia nyumbani kwetu bila kukohoa kwanza kwenye lango la boma. Kikohozi kile ni cha heshima kwangu. Kinanipa nafasi ya kuondoka sebuleni kabla hajaingia, nimsalimie nikiwa nimejitenga, kwa sababu mkwe hakai mbele ya baba mkwe. Njiani vile vile, nikimwona natoka pembeni mpaka apite. Wako wakwe wanaoingia kwa kishindo ili wakukute umekaa, wapate la kusema. Yeye hajawahi.

Mvua zilikuwa zinaelekea mwisho aliporudi. Paulina alikuwa amefagia asubuhi, akayaegemeza magongo yangu ukutani upande wa pili, kama mtu yeyote anayefagia. Akatoka kwenda kwa ndama. Nikasikia kikohozi langoni.

Nimejaribu kuandika mara nyingi kilichotokea na kila mara natoka mwongo. Sikuamua. Mwili ulisikia kabla yangu. Nilijikuta nimeshateremka kitandani, nimeshika ukuta, nakwenda kwa miguu yangu yote miwili kuelekea chumbani. Karibu na pazia la mlango wa chumbani goti likatoa kitu, si sauti hasa, kama kitambaa kibichi kinachochanwa ndani ya maji. Nikaingia nyuma ya pazia, nikajishikilia kwenye fremu ya mlango.

Akaingia. Nikasikia fimbo ikiwekwa chini.

"Shikamoo baba," nikasema kutoka nyuma ya pazia.

"Marahaba. Mguu?"

"Unaendelea vizuri, baba."

"Tunashukuru Mungu."

Alikaa akanywa chai aliyoletewa na Paulina. Mimi nilikuwa nimesimama muda wote huo, jasho linanitoka mpaka visigino. Paulina alipokuja chumbani kuchukua sukari akanikuta. Akaniangalia usoni, akaniangalia mguu, akaweka mkono mdomoni.

Goti likavimba mpaka mikanda ikaniumiza. Samweli alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Ni mtu mpole, nisije nikamfanya mbaya kwa haya nitakayoandika.

"Mama Agnes, kliniki wakikuuliza, sema uliteleza."

"Sikuteleza."

"Najua. Lakini ukisema ilivyokuwa, itaonekana mzee ndiye aliyekuharibu. Hakufanya kitu. Alikohoa tu."

"Na mimi sikuteleza, Baba Agnes."

"Kuteleza ni kosa la sakafu. Sakafu haina aibu."

Nilimwelewa. Baba ni baba. Lakini daktari akidanganywa atatibu uongo na goti litabaki langu. Ndivyo nilivyowaza, ingawa pia inawezekana nilikuwa na hasira kidogo. Tukapanda basi kwenda kliniki.

Nilipoulizwa nikasema, "Nilisimama mwenyewe, nikatembea mpaka chumbani. Baba mkwe alikuwa anaingia."

Daktari akaacha kuandika. "Hakujua?"

"Alijua naumwa. Hakujua kwamba sikanyagi. Mimi nilijua sikanyagi, lakini sikujua kwamba kumpisha yeye ni kukanyaga."

Samweli alikuwa anatazama viatu vyake. Daktari hakucheka wala hakugomba. Akasema goti limevimba mno kwa kipimo siku ile, nirudi baridi ikianza kupungua, waniingize kwenye mashine waone kama kiunzi kimeshika au kimebanduka. Nikamuuliza kama kimebanduka. Akasema kweli, na namshukuru kwa kusema kweli: kingine hakuna, wageni wamesharudi kwao na vifaa vyao. Itabidi tufikirie namna ya kuishi na goti hilo lilivyo. Mguu wa kuburuta. Hilo neno nililisema mimi, si yeye.

Basi kazi yangu ikawa kungoja. Mguu ulikuwa umefungwa, na kilichokuwa ndani ya mguu sikuweza kukiona. Mama yangu akapiga simu kutoka Endagikot: "Hao watakuua kwa heshima." Nikamwambia kwamba heshima hiyo ndiyo iliyonifanya niishi nao vizuri miaka yote. Akasema, "Haya," akakata. Naye hakukosea yote.

Paulina ndiye aliyemwambia mzee. Sikumtuma. Alimwambia yote, magongo, pazia, kila kitu, huku analia, kwa sababu alijiona ni yeye aliyeyasogeza magongo. Baba mkwe aliuliza kitu kimoja tu: "Alikuwa amesimama muda wote ule?" Akaambiwa ndiyo.

Toka siku hiyo hakuingia tena ndani.

Alikuja asubuhi kama kawaida, kwa ajili ya ng'ombe na chai, lakini alikaa nje kwenye jiwe lililo nyuma ya ukuta wa kitanda changu. Msimu wa baridi ulikuwa umeingia. Ninyi wa Hanang mnaujua ule upepo unaoshuka mlimani. Mzee na shuka lake, kikombe mkononi, na ukuta wa udongo kati yetu. Tulisalimiana hivyo hivyo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Usiinuke."

"Sijainuka."

"Haya."

Majirani wakasema mzee ameisusa nyumba ya mwanawe. Wengine wakasema anaogopa plastiki. Samweli alimsihi aingie, akajibu kwamba anapenda jua. Jua gani, na ukungu ule?

Kisha nikagundua jambo lililonifunga zaidi ya mikanda. Aliacha kukohoa. Ana kifua kibovu tangu nimfahamu, na baridi humzidishia. Nikawa namsikia pale ukutani akikibana, anameza, anapumua kwa puani. Kikimshinda anaondoka haraka, fimbo inagonga mawe, anakwenda mpaka nyuma ya zizi la mbali, na huko ndiko anakokohoa, mbali, ili mwili wangu usisikie. Halafu anarudi kwenye jiwe lake.

Nilitamani kumwambia, baba, kohoa. Lakini mkwe hamwambii baba mkwe la kufanya. Nilijifunika shuka uso. Yeye yuko nje kwa sababu yangu, mimi niko ndani kwa sababu yake, na hakuna mbaya. Kungekuwa na mbaya ningemchukia nikapumzika.

Baridi ilipoanza kulegea nikarudi hospitali, nikapelekwa kwenye ile mashine. Unalazwa kwenye ubao, unaingizwa kwenye shimo jeupe, unaambiwa usitikisike. Inagonga na kunguruma kama ya kusaga mahindi. Wengine hulia mle, alisema kijana wa mashine. Mimi sikulia. Kulala bila kutikisika nilikuwa nimeshahitimu.

Kwenye benchi la majibu Mama Fausta alikuwa amefika kabla yangu, tayari anatembea na gongo moja. Nilimweleza yote. Akafikiri, akasema, "Baba mkwe wangu alishakufa, Mungu amrehemu. Sasa naona alinisaidia goti." Kisha akanishika mkono na hakuuachia mpaka nikaitwa.

Daktari aligeuza kioo cha kompyuta ili nione. Sikuona kitu, kijivu tu. Akaonyesha kwa kalamu. Pembe moja ya kiunzi imenyanyuka, hapo udongo haukushika. Kwingine kumeshika. Pembe hiyo itaniletea taabu, akasema, lakini ukuta umesimama.

"Ni kwa sababu nilisimama?" nikauliza.

"Labda. Zipo pembe zinazonyanyuka kwa watu wasiosimama kabisa. Siwezi kukuambia."

Kwa hiyo sijui, na sitajua. Wewe unayesoma usiniulize.

Wakalegeza kifaa, wakanianzishia kukanyaga, kwanza kama mtu anayepima moto wa uji kwa kidole. Mtu wa mazoezi alisema nitembee kila siku, lakini kwenye njia sawa tu, nisiende penye mashimo mpaka paja lirudi. Paja bado halijarudi lote. Kuchuchumaa siwezi na huenda nisiweze. Kukamua nakamua nimekaa kwenye stuli ndefu aliyonichongea Samweli, ng'ombe wananishangaa. Asubuhi za baridi ile pembe inanikumbusha. Lakini nafika kisimani na kurudi, na siburuti.

Kama uko kwenye foleni ya kupasuliwa, nina neno moja tu. Kabla ya kutoka hospitali mwambie daktari unaishi na nani, na nani akiingia wewe huinuka. Huenda si mkwe. Huenda ni mchungaji, au mwalimu wako, au mama yako. Wewe unamjua. Waambie wamtumie ujumbe kabla hujafika nyumbani.

Nimalizie na asubuhi ile. Mvua za kwanza za vuli zilikuwa zimenyesha na kukata. Nilikuwa natembea na gongo moja kwenye njia iliyo kati ya nyumba na zizi, njia nyembamba, upande mmoja uzio wa miiba, upande wa pili tope la kwato lililokauka mashimo mashimo. Nikainua macho. Baba mkwe anakuja mbele yangu kwenye njia ile ile, na alikuwa hajakohoa.

Mwili wangu ukataka kutoka njiani. Nikauzuia. Nikatazama yale mashimo, nikatazama miiba, sikuwa na pa kwenda. Nikasimama katikati ya njia, mkwe mbele ya baba mkwe, uso nimeuinamisha, nikangoja aseme.

Hakusema. Nikasikia shuka likikwaruza. Nilipochungulia alikuwa ametoka njiani, ameingia kwenye miiba na fimbo yake, amenipa mgongo, ameinua kidole anahesabu ng'ombe zizini. Zizi lilikuwa tupu. Ng'ombe walikuwa wameshatolewa malishoni tangu jua kuchomoza.

"Shikamoo baba," nikasema.

"Marahaba," akajibu, bado anahesabu.

Nikapita polepole, hatua kwa hatua, gongo kwanza. Nilipofika kwenye kona ya nyumba nikamsikia nyuma yangu akikohoa. Alikohoa sana, kama mtu anayeshusha mzigo.